Mkono Wako Ulikuwa Kwenye Mkanda

Masanja, ng'wanawane, ndugu yangu,

Enzi zile tukichimba dhahabu Nyarugusu, barua zetu za kwenda nyumbani zilianza na "mimi ni mzima, hofu ni juu yako." Safari hii naona haya kuandika hivyo. Juu yako hofu imekwisha. Imebaki huku kwetu, na mimi nimepewa fungu kubwa. Unanijua, penye kugawiwa kitu sikosi.

Nakuandikia nikiwa Isaka, ndani ya kabini ya lori langu, nasubiri mzigo wa Kigali ambao kila siku unakuja kesho. Kalamu ni ya karani wa stesheni, karatasi ni ya kufungia sukari. Mwandiko usiucheke. Darasa la nne nililimaliza kwa heshima, la tano nililisikiliza dirishani, na Kifaransa nimefundishwa na madereva wa Bujumbura: naweza kuagiza bia na naweza kuomba radhi. Kwa dereva hiyo ni lugha nzima.

Nyumbani kwako wazima. Kabula ameanza shule na ana sauti yako. Mwalimu anasema mtoto akijibu hesabu, ng'ombe wa jirani wanageuza shingo. Mnadani wamemweka mnadi mwingine, mtu wa Nzega, mpole, anauza dume la ng'ombe kama anauza dawa ya macho. Wanunuzi wanapiga miayo. Jana-juzi fahali zima lilimlalia miguuni. Nikacheka, halafu nikakumbuka sina wa kucheka naye, nikaufunga mdomo.

Nataka nikueleze ya mahakamani. Kesi ilikuwa yako na hukuhudhuria.

Najua mwanzo wake unaujua, ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa chini kwenye vumbi, mimi nilikuwa juu ya kabini ya lori langu nimekaa kama mtemi, nakula nyama choma, nawatazama nyote vichwa. Mwenye kuona siku ile nilikuwa mimi. Ningejua, ningekaa chini ya lori.

Kila mnada ulikuwa na mchezo wako na Koplo Pazi wa polisi, na watu walikuja kwa ajili ya mchezo huo kuliko ng'ombe. Yeye Mzaramo, wewe Msukuma, watani tangu babu zenu, na watani hawaombani ruhusa. Unamnyemelea kutoka nyuma, unamtia shingoni ile fimbo yako yenye ncha ya kupinda, unamvuta kama ndama, na unaanza: "Haya, haya! Mzaramo huyu hapa! Meno yote yapo, kazi hajui, anakula kama watatu! Nani anamchukua?" Watu wanapasuka. Koplo naye, na nyota zake za jasho kwapani, anapiga kelele: "Niacheni, huyu mtumwa wangu katoroka pwani!" Na bei yake haikupanda hata siku moja. Kuku. Ukijitahidi sana, kuku na vifaranga. Mwisho unamwachia, mnakwenda kunywa togwa kwenye kibuyu kimoja.

Wiki ile, unakumbuka, mambo hayakuwa ya kucheka. Vijana wetu walinzi wa sungusungu walikuwa wamekizunguka kituo kidogo cha polisi kwa pinde na filimbi, wanataka watolewe wenzao waliowekwa ndani kwa kumpiga mwizi wa ng'ombe. Hakuna aliyerusha mshale. Lakini askari waliomo ndani walijua idadi ya mishale na walijua idadi yao wenyewe. Wakaletewa nyongeza, na katika nyongeza hiyo alikuwemo Konstebo Nestori. Ametoka mbali, milimani, kwao watani wake ni wengine kabisa. Kisukuma kwake kilikuwa kelele za kuku. Nilimpa lifti kutoka Isaka siku aliyofika, nikampa na michembe. Akaishika mfukoni njia nzima kama kitu cha ushahidi. Nikamwambia, "Afande, hiyo ni viazi, tafuna, haina sumu." Hakucheka. Nikajua huyu ana hofu ya kweli.

Kwa hiyo mnadani, Konstebo Nestori alikuwa upande wa pili wa zizi. Alisikia watu wanaunguruma. Akaja mbio na bunduki yake, akatokea nyuma ya lori langu, na alichokiona ni mtu mwenye mabega kama yako amemkaba mkubwa wake shingoni kwa fimbo, na kundi zima linapiga kelele kwa Kisukuma, "Mchinje! Mchinje, hana bei!" Mimi mwenyewe nilikuwa katika wanaosema mchinje. Mdomo wangu ulikuwa umejaa nyama.

Akakupiga kitako cha bunduki begani.

Ukaangukia magoti. Fimbo ikaanguka. Na hapa ndipo kesi yote ilipokaa, Baba Kabula, hapa padogo kuliko kiganja. Ulipokuwa unakwenda chini, mkono wako wa kulia uliushika mkanda wa Koplo. Ukaushikilia. Ukainua uso, ukamwambia Koplo, na mimi nilisikia, kwa sauti ile ya mnada: "Wazaramo hamwezi kupigana wenyewe, mmeleta mfanyakazi!" Ulikuwa bado unauza.

Koplo akageuka, akapiga kelele, "Acha! Ni mtani wangu!"

Na kitako kikashuka tena. Kichwani.

Vumbi lilipotulia ulikuwa huinuki tena. Mimi nyama ilikuwa bado mdomoni. Mpaka leo nyama choma ya pale siwezi.

Mazishi yako sijui kama ulisikia chochote ndani ya sanduku, kwa hiyo nakueleza. Sungusungu walikuja wote na pinde zao. Kamanda wao, Mzee Ng'wandu, alisimama kichwani mwa kaburi kama mlingoti. Watu wa kituo waliambiwa wasitie mguu, na hawakutia. Ila mmoja. Koplo Pazi alikuja peke yake, kwa miguu, bila sare, amevaa kanzu na kofia, na kabla mtu hajasema kitu akapita katikati ya pinde, akarukia ndani ya kaburi lako, akalala chali.

"Siondoki!" akasema kutoka humo chini. "Hii nyumba ni yangu! Mtumwa haingii ndani kabla ya bwana wake! Nani kampa ruhusa huyu kuondoka? Kaniaga mimi?"

Masanja, wa kwanza kucheka alikuwa shangazi yako. Akacheka na kulia, vyote pamoja. Halafu wengine. Niliwatazama vijana wenye pinde. Vidole vilikuwa vimeshika kamba za pinde. Lakini mtani aliye kaburini yuko kazini, haguswi, hata angekuwa shetani. Mzee Ng'wandu alitazama mawingu. Baba yako mdogo ikabidi ambembeleze kama desturi inavyotaka. Akamwahidi hiki, akamwahidi kile, Koplo anakataa, anajigeuza upande, anakoroma. Mwisho akaletewa kuku. Akaketi, akamtazama yule kuku kwa muda mrefu.

"Bei ileile," akasema.

Akatoka na kuku kwapani, uso umelowa, na hakuna aliyecheka tena.

Baada ya hapo ndipo walipoanza kunijia mimi. Mwenye kuona ni Kulwa, alikuwa juu, ataitwa. Mzee Ng'wandu alinikalisha kwenye kigoda cha kwake mwenyewe, akanipa pombe ya mtama, akaniita "mwanangu," na hapo nikajua anataka kunibebesha kitu.

"Wewe uliona," aliniambia, "alipopigwa mara ya kwanza alikaa chini. Mikono juu. Akaomba msamaha. Ndipo yule akammalizia."

"Shikamoo, Mzee," nikasema, ingawa nilishamwamkia. "Mikono haikuwa juu."

"Ilikuwa juu."

"Mkono mmoja ulikuwa kwenye mkanda wa Koplo."

"Mkono wa marehemu haushiki kitu," akasema. Akanieleza kwa upole sana kwamba wakili wa askari atasema kijana alikuwa anamtetea mkubwa wake, na sheria inamruhusu mtu kumtetea mwenzake anayeshambuliwa, na mkono huo kwenye mkanda ndio utakaomtoa mlango wa mbele. Mzee hajui kusoma, lakini sheria aliijua kuliko mimi niliyefika Dar es Salaam mara ambazo hazihesabiki. "Mkono ukiwa juu," akasema, "ananyongwa. Mkono ukiwa chini, anarudi kwao kuoa. Chagua."

Upande wa pili nao wakanijia. Mtu mmoja aliyevaa kiraia, alinunua soda mbili, zote nikanywa mimi, akaniambia niseme mkono wako ulikuwa unaifuata bastola ya Koplo. Koplo hakuwa na bastola! Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nimedanganya maofisa wa forodha wa nchi tatu, lakini kwa bastola isiyokuwepo ningehitaji bia, si soda." Akaondoka. Natania hivi sasa. Siku ile niliifunga milango ya kabini kabla ya kulala.

Nikafikiri njia nzima kwenda Shinyanga. Unanijua, mimi si mtu wa kukosa uongo. Nimeshawaambia watu kuwa nimelala chumba kimoja na waziri. Lakini kila nilipojaribu kukuweka magotini na mikono juu, uso haukuwa wako. Alikuwa mtu mwingine, mwizi fulani aliyekamatwa, anaomba. Na kama ulikuwa unaomba, basi ulikuwa na kosa. Basi mchezo haukuwa mchezo. Ningemnyonga Nestori kwa kukugeuza wewe kuwa jambazi aliyesalimu amri. Nikaona bei hiyo kubwa.

Mahakamani nilivaa ile suti ya kahawia. Jaji, na wazee wa baraza pembeni yake, na mkalimani ambaye sikumhitaji, nikamwambia hivyo, jaji akaniambia nijibu ninachoulizwa. Wakili wa askari alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya kuomboleza.

"Baada ya pigo la kwanza, mkono wa marehemu ulikuwa wapi?"

Nyuma yangu benchi zima lilikuwa la kwetu. Nilisikia pumzi zao.

"Kwenye mkanda wa Koplo."

Benchi likalia kama mbao inayopasuka. Wakili akatabasamu.

"Kwa hiyo alikuwa bado amemshika ofisa wa polisi."

"Alimshika mtani wake," nikasema. "Anaanguka. Ulitaka ashike nini, mheshimiwa, mkia wa ng'ombe?"

Watu wakacheka, jaji hakucheka. Akaniuliza yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeshika yai: kati ya pigo la kwanza na la pili, kuna mtu yeyote alisema neno? Nikamwambia maneno yako, na nikamwambia maneno ya Koplo. Acha, ni mtani wangu. Akayaandika.

Sasa, Koplo alikuwa ameshaandikisha kituoni kwamba hakuwahi kusema kitu, yote yalikuwa ghafla. Wakubwa wake walikuwa wamemsaidia kukumbuka hivyo. Nilipotoka kizimbani nilipishana naye mlangoni. Alikuwa na sare imepigwa pasi mpaka inakata. Hakunitazama. Akapanda, akaapa, akasomewa maneno yangu, akaulizwa. Halafu akasema: "Nilipiga kelele. Nilisema ni mtani wangu. Yule aliyekuwa juu ya lori amesema kweli." Kwa neno hilo amepoteza ukoplo. Leo ni Konstebo Pazi, na sisi wote bado tunamwita Koplo.

Nestori alipoulizwa kama alisikia, alisema, "Nilisikia kelele tu. Kila mtu alikuwa anapiga kelele."

Hilo neno halijaniacha.

Jaji alisoma hukumu muda mrefu. Nilichoshika ni hiki: pigo la kwanza hakumlaumu. Mtu mgeni, mwenye hofu, akiona mwenzake amekabwa, sheria inampima kwa alichokiona, hata kama alichokiona hakikuwa. Lakini nguvu ina kipimo, na mtu akiwa magotini, na mwenye shingo iliyokabwa mwenyewe anasema acha, hapo utetezi umekwisha na kinachobaki ni kupiga. Kuua bila kukusudia. Amefungwa, lakini si milele. Atatoka angali na meno.

Kwa watu wetu ilikuwa kama ameachiwa. Tuliporudi Mzee Ng'wandu hakunipigia kelele. Alitangaza tu. Kulwa asiamkiwe. Mke wake asipewe moto wala zamu kisimani. Na akipiga mwano, asitoke mtu.

Unajua uzito wa hilo la mwisho. Umezaliwa hapa. Mtu akipiga ukelele ule wa hatari, hata adui yake anatoka na mshale, na asiyetoka ni mwenzake mwizi. Ndiyo polisi yetu, tulikuwa nayo kabla ya hiyo yenye kofia. Mimi sasa nikipiga mwano, nitakuwa naimba.

Nilijifanya sijali. Nikamwambia mke wangu, mimi nimelala msituni Biharamulo na chui anachungulia dirishani, nitaogopa jirani? Lakini nilianza kulala na panga. Halafu nikaanza kula nalo karibu. Na nikawa najiuliza maswali ya jaji. Mtu akiingia kwangu, nina haki ya mapigo mangapi? Moja, halafu nisubiri atakapoweka mkono?

Jioni moja, jua ndiyo kwanza limezama, Shija wangu na wenzake wamo ndani, nikasikia miguu nyuma ya nyumba. Hakuna anayekuja kwetu siku hizi. Nikatoka na panga. Kwenye kona nikaona mtu amejifunika kichwa, na mkononi ana kitu kirefu, kimepinda ncha. Akasema kitu. Nilisikia sauti. Neno sikulisikia, Masanja. Mkono ulikuwa tayari juu, na mwili wote ulikuwa unauambia shuka. Niliona ile ncha iliyopinda, na sijui kwa nini, mkono ukangoja kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi.

"Baba Shija," akasema tena, "ni mimi. Mama Kabula."

Minza. Mkeo. Amejificha watu wasimwone, ameniletea fimbo yako.

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Panga nikaliweka kando. Yeye akasimama tu, akaliona panga. Aliniambia, "Ungewaambia aliinua mikono, ningejua siku ile ulikuwa umelewa. Mume wangu hakuinua mikono hata kwa baba yangu alipokuja kunichumbia." Akaiegemeza fimbo ukutani. "Hii haina wa kuishika kwetu. Mnadi yule wa Nzega akiishika itamdondoka." Akajifunika, akaenda.

Sasa unaelewa kwa nini nakuandikia. Nataka uniambie kitu ambacho huwezi kuniambia. Nimemchukia Nestori mpaka meno yaliniuma, na bado namchukia, pigo lile la pili sitalisamehe mimi, na sijui kama ni langu kusamehe. Lakini nimesimama kwenye ile nafasi yake. Ni nyembamba. Hapana nafasi ya kugeuka ndani yake, na kelele zote zinafanana. Tofauti yangu na yeye ni pumzi moja, na hata hiyo siwezi kujisifu nayo, na wewe unajua mimi najisifu hata kwa mvua ikinyesha.

Mnadani Koplo anasimama peke yake. Watu wanampisha kama wanampisha mgonjwa. Anakuja, anazunguka zizi, anaondoka. Juzi nilimwona anapita pale ulipokuwa unamkamatia, akapunguza mwendo, akaligeuzia kundi mgongo, akangoja. Masanja, aliingoja fimbo. Haikuja. Akavuta kofia, akaenda.

Mimi pia ni Msukuma. Yeye ni mtani wangu vilevile.

Basi ahadi yangu ni hii. Nikirudi kutoka Kigali nikiwa mzima, mnada wa kwanza nitashuka kutoka kwenye kabini. Nitaichukua fimbo yako nimnyemelee Mzaramo wetu, nimtie shingoni, nimuuze mbele ya Mzee Ng'wandu na pinde zake zote, na kama hakuna atakayefungua mdomo kutoa bei, nitamnunua mwenyewe kwa kuku wa mke wangu. Sauti yako sina, lakini honi ya lori ninayo.

Ila kabla ya hapo, usinicheke, nitakwenda kwanza kwa askari mwenye bunduki, nisimame mbele yake mahali anaponiona mikono yote, nimwambie: "Afande, naenda kutania." Ningojee mpaka aitikie kwa kichwa. Wewe hukuwahi kuomba ruhusa, wala baba yako, wala babu zenu. Mimi nitaomba. Kwa sasa mchezo wako umebaki hivyo, na hivyo hivyo nitaucheza.

Behewa la mzigo limefika, wananipigia kelele huko nje. Lala, mtu wangu. Mkono wako nimewaambia ulipokuwa.

Kulwa, wa juu ya lori